Mwaka Niliomwonea Wivu Paka

Juzi mdogo wangu Zuhura alinipigia simu nikiwa kazini, akaniambia kwamba Chapati amekufa. Nilitoka nje nikasimama kwenye maegesho ya magari ili nimsikilize vizuri. Chapati alikuwa paka wao, rangi ya maziwa yenye madoa ya kahawia, na kwa hesabu ya paka alikuwa ajuza. Alikufa usingizini juu ya kitanda cha Mama, kule Hayes, magharibi mwa London, na Zuhura aliniambia kwamba Mama hajatia kitu mdomoni tangu asubuhi. Nikampa pole, nikauliza watamzika wapi, nikasema yote ambayo dada mkubwa hutakiwa kusema. Tulipoagana nilibaki pale katikati ya magari, na kilichonijia kwanza hakikuwa huzuni. Kilikuwa wivu, uleule wa zamani, umekuja na uzito wake wote kana kwamba haujawahi kuondoka. Mama hajala kwa sababu ya paka. Mimi, mtu mzima, mwenye mume na binti anayekaribia kunipita urefu, nilisimama kwenye baridi nikajiuliza: siku aliyoniacha Tanga, alikula?

Nilikuja London nikiwa na miaka kumi na sita. Mama alikuwa ameondoka nikiwa na minne, akaniacha kwa bibi yangu, na sababu za kuondoka kwake na za kuchelewa kunichukua ni habari ndefu ambayo wahusika wameshasameheana. Ninachotaka kuandika ni mwaka mmoja tu, ule wa kwanza, kuanzia Agosti mpaka vuli ya pili. Niliingia katika fleti ya ghorofa ya tatu nikakuta watu wanne ambao tayari walikuwa wametimia. Kulikuwa na Mama. Kulikuwa na mumewe, Shabani, niliyemwita Baba Shabani, mtu mpole wa Korogwe aliyefanya kazi katika ghala karibu na uwanja wa ndege na aliyezungumza polepole kama anayepima kila neno. Kulikuwa na Zuhura, miaka minane, na Idi, mitano, ambao walielewa kila nilichosema na kunijibu kila kitu kwa Kiingereza. Niliwekewa kitanda katika chumba cha Zuhura, chini ya dirisha. Ndege zilipita chini kiasi kwamba ungeweza kuona magurudumu, na vikombe vilitikisika kabatini, lakini ni mimi peke yangu niliyeinua kichwa kila mara. Ndivyo nilivyojua kwamba mimi ndiye mgeni.

Kila asubuhi nilimwamkia Mama, shikamoo, naye akaitikia marahaba kwa sauti nzuri, ya heshima, kama unavyomwitikia mtoto wa jirani. Mama alifanya kazi ya kutunza wazee katika nyumba moja ya kulelea, na alikuwa akirudi amechoka, akivua viatu mlangoni. Watoto walimrukia. Idi alimkumbatia kiuno, Zuhura alimwonyesha jino linalolegea, na yeye aliwaita majina ya kila namna. Idi alikuwa baba, Zuhura alikuwa mama, na wote wawili kwa pamoja walikuwa roho yangu. Mimi alinigeukia akatabasamu. Akaniuliza, "Umeshinda salama, Rehema?" Nilijibu salama. Hakunikosea kitu. Chakula changu kilifunikwa, nguo zangu zilikunjwa, na sabuni yangu ya kuogea ilikuwa ile niliyoizoea, aliyoitafuta mpaka akaipata kwa Wahindi. Ila hakunigusa. Uwanja wa ndege alinishika mabega kwa mikono miwili, akanitazama usoni kwa muda mrefu, akaniachia, na tangu siku ile ni kama aliogopa kuvunja kitu.

Paka alikuja mwezi mmoja baada yangu. Ghorofa ya chini yetu aliishi Mama Jaspal, mama wa Kisingasinga aliyezaliwa Kisumu na kuzungumza Kiswahili kitamu kuliko wadogo zangu, na paka wake alikuwa amezaa. Alipanda ngazi na kikapu cha nguo chafu, ndani yake kitu kidogo kama soksi kinatetemeka, akasema huyu ni wa watoto. Idi alitaka aitwe jina la mchezaji mpira. Zuhura akamtazama yale madoa yake ya kahawia, akasema anafanana na chapati ya Mama, na jina likashika hapohapo. Mama mwanzoni alikataa. Alisema nyumba ni ndogo, nani atasafisha mchanga wake, nani atanunua chakula. Halafu paka yule akapanda juu ya mguu wake kwa kucha, akafika mapajani, akajikunja, akalala. Mama akaweka kiganja juu ya mgongo wake, taratibu, na kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu niingie nyumba ile akasema, "Haya mwanangu, lala."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia ya chai. Katika mwezi mzima nilikuwa Rehema. Paka alikuwa na dakika kumi ndani ya nyumba, tayari ni mwanangu.

Watu waliomjua Chapati akiwa mkubwa, mzito, mwenye kukaa dirishani kama mwenye nyumba, hawawezi kufikiri alivyokuwa mtundu udogoni. Alipanda mapazia mpaka juu akashindwa kushuka, akalia mpaka Baba Shabani alete kiti. Alijificha ndani ya mfuko wa vitunguu. Alivizia ncha ya kanga ya Mama, akairukia akaning'inia nayo, na Mama alizunguka jiko zima akimburuta huku akikoroga mchuzi, akicheka mpaka anashika meza. Asubuhi alikuja vitandani mwetu akashambulia vidole vya miguu chini ya blanketi, na Zuhura alipiga kelele za furaha. Mimi nilikunja miguu yangu. Sikumfanyia ubaya wowote; nilimpa maji akiwa na kiu, nilimfungulia mlango akilia. Lakini nilimhesabu. Nilijua mara ngapi kwa siku Mama amembeba, ameegemeza shavu kwenye kichwa chake, amemuuliza kama ameshiba. Jumamosi mchana, Mama akitoka kazini, alijinyoosha kwenye kochi na paka akalala kifuani pake, wakapumua kwa pamoja. Nilikaa kwenye kiti cha pembeni na kitabu cha Kiingereza cha shule, na sikusoma hata mstari. Nilikuwa nikitazama ule mkono wake uliomkinga paka asidondoke. Nilikuwa najaribu kukumbuka kama uliwahi kunikinga mimi hivyo.

Kisha majani yakaanza kuanguka, na ikafika zamu ya matembezi. Kwetu Tanga ukisema vuli, mtu anafikiri mvua. Huku vuli ni majani. Familia ile ilikuwa na desturi yake: kila Jumapili ya vuli, mvua isiponyesha sana, walipanda basi kwenda kwenye msitu mmoja kaskazini mwa Hayes, wakatembea mpaka miguu iume. Ilianza, waliniambia, Zuhura akiwa bado anabebwa. Jumamosi jioni jiko lilijaa moshi wa mafuta. Mama alikaanga katlesi, alichemsha mayai, alifunga chapati kwenye karatasi ya foili, na asubuhi alijaza chupa ya chai ya maziwa yenye tangawizi nyingi. Mlangoni zilipangwa jozi nne za mabuti: kubwa nyeusi za Baba Shabani, za kahawia za Mama, nyekundu za Zuhura, na vibuti vya njano vya Idi. Mimi nilitembea na raba nilizotoka nazo nyumbani. Matembezi ya kwanza zililowa mpaka soksi, nikasema sioni baridi.

Msituni ndipo nilipoonea wivu kila kitu. Walikuwa na mahali pao. Kulikuwa na mti ulioanguka ambapo lazima watoto watembee juu yake huku Baba Shabani amewashika mkono, na kisiki ambapo hunywea chai, na mteremko ambapo Idi hujiviringisha kwenye majani na Mama hujifanya hamwoni. Walikuwa na vichekesho vilivyoanza miaka mitatu nyuma, ambavyo neno moja tu lilitosha kuwaangusha kwa kicheko, na mtu alipojaribu kunifafanulia, kicheko kilikuwa kimeshapoa. Watoto waliokota zile kokwa za kahawia zinazong'aa wakajaza mifuko ya koti la Mama, wakimwambia majina ya miti kwa Kiingereza, naye aliyarudia vibaya makusudi ili wamsahihishe. Idi akichoka, alisimama tu njiani akanyoosha mikono, na Mama aliinama akambeba mgongoni. Aliinama tu, bila kuulizwa. Nilitembea nyuma yao nikitazama vile vibuti vya njano vikining'inia kiunoni mwa mama yangu. Unaweza kuwa na miaka kumi na sita, umemaliza kidato cha pili, unajua kupika futari ya watu ishirini, na bado ukatamani uwe mzito wa kilo kumi na nane.

Jumapili moja ya Novemba nilikuwa bafuni napiga mswaki, na Mama alikuwa jikoni akiongea na Bibi kwa simu. Aliweka sauti ya juu kwa sababu mikono ilikuwa na unga, kwa hiyo nilimsikia Bibi pia. Bibi aliuliza habari zangu. Mama alisema sijambo, nasoma, mwalimu ananisifu. Bibi akauliza tena, kwa namna yake ya kutokubali jibu la kwanza: na nyinyi wawili je? Nikazima bomba.

"Namwogopa, mama," Mama akasema. "Paka akilia najua anataka nini. Idi akinuna najua kinachomuuma. Huyu halii, hanuni, kila kitu anasema sawa. Nakaa naye mezani sijui nianze wapi. Wewe ndiye unayemjua."

Bibi alisema kitu ambacho sikukisikia, kwa sababu Chapati alikuwa ameanza kukwaruza mlango wa bafuni. Nilisuuza mdomo. Nilipotoka Mama alikuwa amekata simu na anafunga mayai, na wote wawili tukasema habari za hali ya hewa. Mtu angedhani maneno yale yalinipoza. Hayakunipoza. Nilichokishika ni kwamba paka anaeleweka na mimi sieleweki, na kwa siku kadhaa nilitembea na neno hilo kama jiwe ndani ya kiatu.

Wiki iliyofuata Mama alirudi kutoka kazini na mfuko wa plastiki. Alinipa mwenyewe, si mezani mbele ya watu bali chumbani, mlango umerudishwa. Ndani yalikuwa mabuti ya kijani, ya mtumba lakini mazima, yamesuguliwa mpaka yanang'aa. Alisema aliyaona dukani akanifikiria mimi. Nilisema ahsante Mama. Akauliza kama yananitosha, na nikaingiza mguu palepale, na vidole vikagota mbele. Alikuwa amekisia mguu wa mtoto mdogo kuliko mimi. Alinitazama kwa macho yenye matumaini makubwa kiasi kwamba nilisimama, nikatembea hatua chache mpaka dirishani na kurudi, nikasema yamenikaa sawasawa.

Jumapili mlangoni palikuwa na jozi tano. Siwezi kueleza nilivyojisikia kuziona. Nilivaa soksi nyembamba kabisa niliyokuwa nayo. Kutoka kituo cha basi mpaka kwenye mti ulioanguka niliweza kuvumilia. Kutoka pale mpaka kwenye kisiki kila hatua ilikuwa kisu. Udongo ulikuwa tope, majani yameoza yanateleza, watoto wanakimbia mbele. Zuhura alinishika mkono kwa mara ya kwanza, akaniambia kwa Kiingereza kwamba sasa tunafanana, nami nikacheka kwa meno yaliyoumana. Tulipokuwa tukipanda mteremko, Mama, aliyekuwa mbele na Idi mgongoni, alisimama. Sijui aliona nini. Labda alisikia namna ninavyokanyaga, maana kazi yake ilikuwa kusikiliza miguu ya wazee wanaokaribia kuanguka. Alimteremsha Idi, akamkabidhi kwa babake, akarudi chini mpaka nilipo.

"Kaa," akasema.

Nikakaa juu ya majani. Alipiga magoti kwenye tope, akafungua kamba, akavuta buti la kwanza taratibu. Soksi ilikuwa imeshikana na ngozi. Kisigino kilikuwa kimechubuka, kidole kikubwa kimejaa damu. Akavua na la pili. Aliweka miguu yangu yote miwili mapajani mwake, akaifunika kwa ncha ya koti. Baba Shabani aliwachukua watoto akawapeleka mbele kidogo, akaanza kuwaonyesha uyoga.

"Mbona hukusema?" Mama akaniuliza.

"Umeninunulia wewe," nikasema.

Basi nikalia. Nililia kwa sauti, kama ambavyo sikulia uwanja wa ndege wa kule wala wa huku, na kati ya kulia nilimwambia mambo ambayo sikupanga kuyasema. Nilimwambia kwamba hajui saizi ya mguu wangu. Nilimwambia kwamba paka anaitwa mwanangu. Hakujitetea. Alikuwa akinisugua nyayo kwa viganja vyake, kwanza kwa woga, halafu kwa nguvu, kama anayesugua nguo iliyoganda uchafu.

"Kwa paka sina deni," alisema. "Nikimwita mwanangu hawezi kuniuliza nilikuwa wapi. Wewe nikikuita, nangoja uniulize. Kila siku nangoja."

Sikumuuliza. Nilikuwa na swali lakini halikutoka. Mama akakaa chini, akavua mabuti yake ya kahawia, akanivalisha moja baada ya jingine, akafunga kamba. Yalinitosha kama yaliyokatwa kwa ajili yangu. Tulitazama miguu ile, tukatazamana, na yeye ndiye aliyecheka kwanza, kicheko kifupi cha mtu aliyepigwa na kitu. Alitembea mpaka kituo cha basi na soksi tu, tope mpaka vifundoni, mkono wake umepita kwapani mwangu. Baba Shabani alimpa mabuti yake, Mama akakataa. Idi aliponyoosha mikono abebwe, alimwambia leo utabebwa na baba.

Baada ya siku ile mambo hayakunyooka kwa mkupuo. Mama alinizoea polepole, kwa kupitia jikoni. Alinipa nazi nikune, unga nikande, na tulipokuwa hatutazamani uso kwa uso maneno yalikuja. Aliniuliza habari za Tanga, nani amehama, nani ameolewa, ukuta wa nyuma umeanguka au bado, na tulizungumza kwa kasi na kwa mafumbo ya nyumbani ambayo watoto hawakuyashika. Krismasi ikapita, baridi ikapita, nikafanya mitihani. Chapati akakua akaacha kupanda mapazia. Aliendelea kulala kifuani pa Mama na mimi niliendelea kumhesabu, ila niliikosea hesabu mara nyingi zaidi.

Nilichokuwa sikioni, kwa kuwa macho yangu yalikuwa upande mmoja tu, ni Zuhura. Vuli ya pili, tulipoanza tena kwenda msituni, alikuwa na miaka tisa na amekuwa mkimya. Hakutaka kutembea juu ya mti ulioanguka. Mama na mimi tulikuwa mbele tukiongea na kucheka jambo fulani la Bibi, na nilipogeuka nikamwona yuko nyuma, peke yake, anapiga majani teke. Nikamsubiri. Nikamuuliza ana nini, nikitegemea Kiingereza. Akanijibu kwa Kiswahili, akitafuta kila neno kama anayevuka mto kwa mawe.

"Wewe ulikuwa na Mama peke yako," alisema. "Miaka minne. Mimi, hata siku moja sijapata. Kwanza Baba, halafu Idi, halafu Chapati, na sasa wewe. Na jikoni mnaongea haraka, sisikii yote."

Nilisimama. Katika miezi yote ile haikuwahi kunipitia kichwani kwamba mtu anaweza kunionea wivu mimi. Ile miaka minne niliyoihesabu kama kipande kidogo nilichobakiziwa, yeye aliiona kama nyumba nzima ambayo hatapewa ufunguo wake. Na alikuwa na haki. Kulikuwa na Mama mwingine, wa miaka ishirini na kitu, aliyekuwa wangu tu kabla hajawa wa mtu yeyote.

"Alikuwaje?" Zuhura akauliza. "Mama, wakati ule."

Tulikaa juu ya kisiki, wengine wametangulia, nikampa nilivyokuwa navyo. Havikuwa vingi. Nilimwambia kwamba Mama alikuwa akiniogesha uani kwenye beseni la bluu, na kwamba akikuna nazi alinitilia chicha mdomoni kabla sijaomba. Nilimwambia alikuwa mwembamba, alisuka nywele mistari mitatu, na alikuwa anaogopa jogoo wa jirani kiasi cha kukimbilia ndani na kuniacha mimi nje, na Zuhura akacheka mpaka akaniegemea. Nilimwambia kuhusu gauni lake la maua ya zambarau. Aliniomba nirudie la jogoo, nikarudia, nikaongeza chumvi. Alinisikiliza kwa Kiswahili kitupu, mdomo wazi, akinisogelea kwa kila neno, na nilijua kwamba nilichokuwa nikimpa hakuna mwingine duniani angeweza kumpa.

Kisha akauliza kama kuna kingine. Kilikuwepo. Kuna jambo moja zaidi ninalolikumbuka, la asubuhi moja, mimi na Mama tu, na Mama mwenyewe sidhani kama analikumbuka. Nilimtazama mdogo wangu, nilikuwa nampenda tayari, nikamwambia hapana, vimekwisha, twende wasituache. Hajalisikia mpaka leo. Idi hajalisikia, mume wangu hajalisikia, na hapa pia siliandiki.